Ukihamia Lamu na Mpira Wako, Uliza Mwezi Kwanza

Tangu nije kufundisha Lamu, wenzangu wa bara wanaopangiwa kazi huku hunipigia simu na swali lile lile: vijana wa kisiwani wanacheza nini, na mtu akitaka kuwasaidia aanzie wapi? Jibu langu huwaudhi kidogo, maana naanza na mwezi. Simaanishi ule wa kalenda ya ukutani. Namaanisha ule wa angani.

Mpira upo, tena mwingi. Baada ya swala ya Alasiri kila kipande cha uwanja kina mchezo, na Magharibi ikiadhiniwa umekwisha, hata kama kona haijapigwa. Hilo utalizoea upesi. Kinachomchanganya mgeni ni mechi za ufukweni, kule Shela kwa mfano. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na moja jioni. Saa ya mechi ndiyo hiyo hiyo bahari imekalia uwanja! Subiri tarehe 8 au 23 za mwezi, wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Jioni maji yako chini, mchanga umeshikana, mpira unadunda. Na kwa kuwa hizo ndizo tarehe za Kiislamu, mtoto wa darasa la nne anaweza kukupangia ratiba bila kushika simu.

Ukialika timu ya Siyu au Faza, kisiwani Pate, hesabu inakuwa nzito zaidi. Wao hupitia Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara ambao kina chake ni kidogo. Asubuhi ya bamvua maji yamekupwa, na chombo hakina budi kungoja. Niliwahi kumsikia kocha mmoja mgeni aking'ang'ania ushindi wa mezani kwa sababu wapinzani wamechelewa, na wapinzani wenyewe wamekaa botini juani wanasubiri maji. Nahodha mmoja mzee akamwambia, "Mwalimu, barua yako ilisema saa nne. Uliwaandikia vijana, au uliiandikia bahari?" Waalike wakati wa maji mafu. Watakuja na maji ya asubuhi, na jioni hayakupwi kiasi cha kuwalaza njiani.

Halafu usidhani mpira ndio kila kitu. Nenda katazame mashindano ya mashua. Upepo ukikaza, vijana hutoka mmoja mmoja kwenye ubao uliochomoza nje ya ubavu, upande upepo unakotokea, wakakaa juu ya maji ili uzito wao ukizuie chombo kisilale. Nahodha akigeuza tanga, wote hurudi ndani na ubao huhamishiwa upande wa pili, haraka, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kijana aliyezoea hayo usimpotezee muda na somo la kushirikiana; mpe mazoezi ya pumzi na umwache acheze.

Mbio za punda barabara ya ufukweni zina mashabiki kuliko mchezo wowote, na vijana hupanda bila tandiko. Mimi huzitazama kwa nusu moyo. Mnyama aliyebeba mawe na mchanga wiki nzima angestahili kulala.

Wasichana nao wanacheza, ila mara nyingi ndani ya ua wa shule. Ukitaka kuunda timu yao, kabla ya kununua jezi nenda ukawaamkie mama zao, ukae, unywe chai, ueleze nani atakuwepo na watarudi saa ngapi. Ramadhani usipange chochote jioni. Mechi ni usiku baada ya tarawehe, penye taa.

Na mizigo? Njumu waache wanaozitaka wajinunulie, mchangani wengi ni pekupeku. Lete mipira na nyavu. Sindano za pampu lete nyingi, chumvi ya huku huzila kwa kutu.