Umechoka na sare za mpira, unataka kuhamia tenisi na vikapu? Soma kwanza

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Kijana wa Barani ameuliza jana, nafupisha: anabeti mpira tangu mwaka juzi, sare zimemmaliza, amebakiwa na 3,000 ya mwezi huu. Anataka kuhamia tenisi na mpira wa kikapu kwa sababu "huko hakuna sare, mtu ni kushinda au kushindwa tu". Anataka kujua mchezo upi ni rahisi, na kama ni vizuri kuchanganya michezo kwenye mkeka mmoja, yaani tikiti moja ya mechi kadhaa ambazo zote lazima zitiki, ili asitegemee mpira peke yake.

Naona mmemjibu kwa kumrushia mechi za leo usiku. Mimi sina mechi. Nina daftari.

Mimi ni baharia kwenye boti za kuvulia nduwaro hapa Malindi. Kaskazi kazi ipo, wageni wapo. Kusi ikikaza, bahari inachafuka, boti zinapandishwa na sisi tunakaa. Ndiyo miezi niliyojifunzia kubeti, maana mtu hana kazi, simu anayo, na baraza zima linazungumza odi, ile namba ambayo dau lako, yaani pesa unayoweka, huzidishwa nayo ukishinda. Daftari lilikuwa la kuandikia uzito wa samaki. Kurasa za nyuma nikaanza kuandika beti: tarehe, mchezo, odi, dau, nilichopata. Nilidhani ninaandika ili nijue ninapata ngapi. Mwaka ulipokwisha nikajumlisha, nikafunga daftari, nikaenda kunywa kahawa peke yangu.

Mdogo wangu, nianze na hii habari ya sare, kwa sababu hapo ndipo umekosea hesabu. Kwenye ligi kubwa za Ulaya karibu robo ya mechi huisha sare. Sasa chukua Arsenal ya msimu wa 2003/04, ile isiyofungwa hata mechi moja. Mechi 38, walishinda 26 na kutoka sare 12. Ungewabeti kila wiki kwa shilingi 100, tuseme kwa odi ya 1.40 mfululizo, ungetoa 3,800 na kurudishiwa 3,640. Timu haijafungwa msimu mzima na wewe umepoteza 160. Kwa hiyo naelewa kwa nini sare zinakuuma. Ila aliyekupiga si sare, ni ile 1.40. Bei ilikuwa ndogo kuliko hatari uliyobeba. Na bei mbaya ipo kwenye kila mchezo, uwe na sare au usiwe nayo.

Huko unakotaka kuhamia utakuta mechi ya watu wawili wanaolingana, kila upande umeandikwa 1.90. Weka 100 huku na 100 kule. Umetoa 200, mmoja lazima ashinde, unapokea 190. Kumi imekwenda wapi? Ndiyo mshahara wa kampuni, na hawaujali mchezo unaitwaje. Ili usipoteze kwenye odi ya 1.90 inabidi upatie kama mara 53 katika kila 100. Hesabu zako za mpira zilikuwa ngapi katika 100? Kama hujui, basi bado hujaanza kubeti, unachangia tu.

Tenisi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipochomwa.

Mwaka jana niliweka mkeka wa watu wanne wa tenisi, odi jumla kama 14 hivi, dau 100. Watatu wakashinda. Wa nne alishinda seti ya kwanza, ya pili ikaanza, mpinzani akashika mgongo, akampa mwamuzi mkono, akaenda zake. Nikaruka baraza zima. Kufungua simu, naona nimelipwa mia nane na kitu. Mechi ile wameihesabu kama haikuwepo, odi yake imefanywa 1.00. Nilikwenda hadi kwenye ofisi yao pale mjini, nimevimba, tayari kwa vita. Dada aliyekuwepo akanionyesha masharti, tena kwa upole: mchezaji akijitoa kabla mechi haijaisha, beti ya mshindi inafutwa. Imeandikwa tangu siku ya kwanza. Mwenzangu wa Kisumu Ndogo alikuwa na mechi ile ile kwa kampuni nyingine, yeye kalipwa kamili, kwa sababu kwao seti moja ikikamilika beti inasimama. Mchezo mmoja, siku moja, tikiti mbili, sheria mbili. Kosa lilikuwa langu, sikusoma.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye tenisi si nani atashinda. Ni hili: hawa ninaowapa pesa wanasemaje mtu akijitoa? Na wanajitoa kweli, kwa joto, kwa misuli, kwa uchovu wa safari. Au anafukuzwa kabisa: US Open ya 2020, Djokovic akiwa namba moja duniani, aliupiga mpira kwa hasira ukampata mwamuzi wa mstari kooni, akatolewa mashindanoni hapo hapo. Hakuna uchambuzi ungekuambia hilo.

La pili, wanaume kwenye yale mashindano manne makubwa hucheza hadi seti tatu za ushindi, kwingine hadi mbili. Aliye bora ana nafasi ya kurekebisha makosa kwenye mechi ndefu kuliko fupi. Mtu wa odi 1.15 Wimbledon si mtu yule yule wa 1.15 kwenye mashindano ya seti mbili wiki inayofuata, amechoka na ameshalipwa. La tatu, kaa mbali na yale mashindano madogo ambayo hata picha hayaonyeshwi. Zawadi zao ni ndogo, na wachezaji wa ngazi hizo wamefungiwa mara nyingi kwa kuuza mechi. Usijidanganye kwamba ni tenisi peke yake. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliochezea ligi yetu hii ya Kenya kwa kupanga matokeo.

Vikapu ni hivi. Kweli hakuna sare, wanaongeza muda mpaka mtu ashinde. Lakini tazama tikiti vizuri: kampuni nyingine zinakuwekea chaguo tatu, 1 (mwenyeji ashinde), X (sare) na 2 (mgeni ashinde), hata kwenye kikapu, na hapo hesabu inaishia muda wa kawaida. Wakilingana kabla ya nyongeza, wewe uliyeweka 1 umekwisha hata kama timu yako imeshinda baadaye. Sare uliyoikimbia imekutangulia mlangoni.

Tena NBA inachezwa wakati sisi tumelala. Mechi ya saa moja jioni New York, kipindi chao cha baridi, kwetu ni saa tisa usiku. Unaweka beti saa mbili za usiku, saa saba inatangazwa kwamba nyota wa timu anapumzishwa, wana mechi 82 za msimu na wengine wamecheza jana yake tu. Odi inabadilika, yako haibadiliki, na wewe unakoroma. Na beti ya jumla ya pointi, ile ya "zaidi ya" au "chini ya" idadi fulani, usiihamishe kutoka NBA kwenda Ulaya kama alivyofanya mtu mmoja kwenye kundi letu: NBA ni dakika 48, Ulaya ni 40. Alishangaa kwa nini kila siku "zaidi ya" yake haifiki.

Mpira wenyewe una mtego wake ambao watu wa umri wangu bado wanaingia. Beti ya kawaida ni dakika 90 na zile za majeruhi, basi. Agosti 2025 Harambee Stars kule Kasarani, robo fainali ya CHAN na Madagascar: 1-1, wakaongeza muda, penalti, tukatolewa. Usiku ule kuna waliolia kwa nchi na waliolia kwa mkeka, na kuna bwana mmoja aliyeweka X alichukua pesa yake kimya kimya na kutuonea huruma. Timu hiyo hiyo yetu, kwenye makundi, ilikuwa imeifunga Morocco 1-0, Morocco waliokuja kubeba kombe. Ndio mpira huo.

Ndondi, kriketi, raga ya wachezaji saba: sina la kukuambia kwa sababu sizijui, na hilo ndilo jibu langu. Riadha naijua kwa mapenzi, siibeti. Kipchoge alifika London Oktoba 2020 akiwa hajashindwa marathoni tangu 2013, mvua na baridi, akamaliza wa nane. Kama yule anaweza kuwa wa nane, odi ya 1.20 ni ya nini?

Na ile michezo ya kompyuta, timu za katuni na kindege kinachopaa hadi kitoweke, si michezo. Hakuna jeraha, hakuna kocha, hakuna unachoweza kukijua kuliko mwenye mashine. Futa.

Sasa swali lako la kuchanganya. Umesema unataka kugawa hatari. Wewe ni mtoto wa pwani, nikuambie kwa madema. Mvuvi anatega madema sita sehemu tofauti, mawili yakitoka matupu, manne yana samaki, jioni anakula. Huko ndiko kugawa. Mkeka ni mvuvi anayeambiwa: dema moja likitoka tupu, mimina baharini samaki wa mengine yote. Kuweka tenisi, kikapu na mpira kwenye mkeka mmoja hakujagawa chochote, umeongeza tu aina za ajali. Umejibebesha sare za mpira, migongo ya wacheza tenisi na usingizi wa NBA, zote kwenye shilingi 100 moja.

Tena ule mshahara wa kampuni unalipwa kila mechi. Ukichukua mfano wetu wa 1.90, mechi moja inakukata 5 katika 100. Mechi tano zikizidishana, kwa wastani unabaki na kama 77. Mechi kumi, unabaki na 60. Wanapenda sana mikeka mirefu, ndiyo maana wanakupa "bonasi" ukizidisha mechi. Mwenye duka hakupi nyongeza kwa bidhaa inayomtia hasara.

Daftari langu la mwaka jana, dau 100 kila beti, sikubadilisha. Mpira, mechi moja moja, beti 140: nimepoteza 700. Kikapu beti 40: nimepoteza 620. Tenisi beti 61: nimepoteza 1,940. Mikeka 88: nimepoteza 5,650. Jumla 8,910. Ona mikeka ilivyokula peke yake kuliko vingine vyote. Na ona pia kwamba hata nilichokijua vizuri hakikuniletea faida. Niliununua mpira kwa 700 mwaka mzima, nimeridhika, ni bei ya chai. Hiyo tenisi sikuridhika nayo.

Hapa Malindi ninamjua mtu mmoja tu ambaye beti yake naiheshimu. Amefanya kazi na Wataliano zaidi ya miaka ishirini, Kiitaliano anakizungumza kama cha mama yake. Anasoma La Gazzetta dello Sport kwenye simu kila asubuhi, na anajua kipa wa timu ya katikati ya jedwali ameumia kidole kabla ya baraza letu kujua timu hiyo ipo. Anabeti Serie A tu, wiki nyingine haweki hata moja. Nilimuuliza mbona haendi Uingereza au kwenye tenisi, akanijibu, "Huko mimi ni mgeni, na mgeni huuziwa bei ya mgeni." Kazi hiyo tunaijua sisi wa ufukweni. Na hata yeye anaishi kwa mshahara wake, si kwa beti.

Hiyo 3,000 yako. Kama kuna kodi ya nyumba ndani yake, acha kusoma, kalipe. Kama ni ya kuchezea kweli, igawe mara thelathini, mia mia, na usipandishe kwa sababu umeudhika. Mtu kakushauri hapo juu udabo kila ukipoteza: 50, 100, 200, 400, 800. Zikipotea tano hizo umetoa 1,550, na ya sita inataka 1,600. Huna. Kupoteza tano mfululizo ukidhani ni bahati mbaya ya ajabu, kwa mechi za nusu kwa nusu ni mara moja katika 32, yaani mwezi huu huu. Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Walikuwa na maana ya chombo, lakini hata dau lako la kubeti limo humo.

Serikali nayo ina fungu lake. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025 wanakata asilimia 5 unapoweka pesa kwenye akaunti na asilimia 5 unapotoa. Weka 1,000, zinaingia 950. Zitoe bila kubeti, unapata 902.50. Kwa hiyo ule mchezo wa kuweka na kutoa, kuweka na kutoa, mara nne kwa siku, unauma kabla mwamuzi hajapuliza.

Wanaosema hapa kwamba ni haramu sibishani nao, mama yangu ni mmojawao na sijawahi kumjibu. Na ukijikuta unafuliza, yaani unakopa kwenye simu, ili ubeti, au umeficha simu mkeo asione, hapo usiulize mchezo gani ni rahisi. Waandikie kampuni wakufungie akaunti, futa na programu, na njoo inboksi tuzungumze kama watu.

Ukitaka kujaribu tenisi bila kuumia, andika chaguo zako 50 kwenye karatasi kabla mechi hazijaanza, na odi zake, bila kuweka hata shilingi. Jumlisha mwishoni. Mimi nilifanya hivyo na kikapu kusi iliyopita, nikiwa nimekaa tu, na karatasi ikaniambia nimepoteza 480 ambazo bado ziko mfukoni.