Moyo haujasimama: kumwelewa mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu

Mgonjwa akiambiwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, nyumba nzima huingia msiba kabla ya wakati. Jina hili limewavunja wengi nguvu bure. Moyo haujasimama. Unapiga, ila kazi ya kusukuma damu imeuelemea: ama unatoa damu pungufu kuliko mwili unavyohitaji, ama unatoa ya kutosha lakini kwa gharama ya shinikizo kubwa ndani yake. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine, la kufa na kupona ndani ya dakika chache. Shambulio la moyo nalo ni kuziba kwa mshipa unaolisha msuli wa moyo. Huu tunaouzungumzia mara nyingi huja polepole, na ukigunduliwa mapema zipo dawa zinazorefusha maisha kweli.

Tuanze na pampu yenyewe. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupitisha karibu lita 5 za damu kwa dakika. Chumba cha chini cha kushoto kikijaa hushika mililita 120 hivi, na kila pigo hutoa kama 70. Kamwe hakitoi yote. Msuli ukilegea, zinaweza kutoka 40 au hata 30 tu. Figo zikiona damu inayozifikia imepungua, hujibu kana kwamba mwili umepoteza maji: hubana chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Mwili unajaribu kujiokoa, na hapo ndipo unapojizamisha. Maji hurudi nyuma. Upande wa kushoto ukizidiwa, yanajaa kwenye mapafu. Wa kulia ukizidiwa, yanashuka miguuni na kujaa kwenye ini na tumbo.

Kuna moyo uliolegea na kuna moyo uliokakamaa. Uliokakamaa husukuma vizuri lakini haulegei vya kutosha ili ujae damu, na ndio unaopita bila kuonekana, hasa kwa wazee wenye presha ya miaka mingi, wanene na wenye kisukari.

Dalili inayosema mengi kuliko zote huja usiku. Mtu akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu, na moyo dhaifu haumudu mzigo huo. Kwa hiyo muulize mgonjwa analalia mito mingapi sasa, na mwaka jana alilalia mingapi. Muulize kama huamka saa moja au mbili baada ya kulala, akakaa kitandani miguu ikining'inia, akitafuta hewa. Muulize kama kuinama kufunga viatu kunamkata pumzi. Kikohozi kikavu cha usiku, kukojoa mara kwa mara usiku, na kushiba baada ya matonge machache kwa sababu ini na utumbo vimejaa maji, vyote ni vya familia hiyo hiyo.

Kisha tazama miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, inchi chache juu ya kifundo, uhesabu hadi 10, halafu uachie. Shimo likibaki, kuna maji. Lakini usikimbilie kuulaumu moyo. Uso unaovimba asubuhi pamoja na mkojo wenye povu huelekeza kwenye figo. Tumbo linalojaa kabla ya miguu huelekeza kwenye ini. Mguu mmoja uliovimba na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa sana, nayo huvimbisha vifundo vya miguu bila moyo kuwa na tatizo lolote.

Chanzo ni muhimu kuliko jina. Moyo kushindwa kazi ni mwisho wa njia nyingi, na kila njia ina tiba yake. Presha iko mbele: msuli unaosukuma dhidi ya shinikizo kubwa kwa miaka hunenepa, hukakamaa, na mwishowe huweza kulegea. Haiumi, ndiyo maana watu huacha vidonge. Inafuata mishipa ya moyo iliyoziba. Kipande cha msuli kilichokufa hakirudi, na kilichobaki hubeba mzigo wa vyote. Kuna vali, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Aliyewahi kuipata huwekewa sindano za penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Tunasisitiza, asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Wajawazito tunawaomba wasome hapa polepole. Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo unaojitokeza kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 hivi baada ya kujifungua. Mama huambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Mama aliyejifungua ambaye hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi apimwe moyo haraka, kwani wengi wao moyo hurudi vizuri wakitibiwa mapema.

Vingine ni pombe nyingi ya muda mrefu, baadhi ya dawa za saratani, mapigo yanayokwenda mbio kwa wiki kadhaa, ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu mkubwa wa damu na VVU. Na aliyekuwa ametulia akizidiwa ghafla, ulizia kwanza alichokimeza au alichoacha kumeza: diklofenaki na ibuprofeni hubana chumvi na maji, na watu huzinunua kwa maumivu ya mgongo bila kumwambia daktari wao wa moyo.

Uchunguzi huanza na macho. Mgonjwa huegemezwa kwa mwinuko wa nyuzi 45 na daktari hutazama mshipa wa shingo; ukijaa hadi karibu na taya, shinikizo upande wa kulia liko juu. Husikiliza mapafu sehemu za chini, mgongoni, akitafuta sauti kama ya chumvi inayopasuka motoni. Ndipo vije vipimo.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ni ya haraka. Ikiwa safi kabisa, uwezekano wa moyo kushindwa hupungua. Eksirei ya kifua huonyesha maji kwenye mapafu na ukubwa wa moyo, ambao kwa kawaida hauzidi nusu ya upana wa kifua. Angalizo: picha iliyopigwa mgonjwa akiwa kitandani huukuza moyo, kwa hiyo "moyo mkubwa" wa picha hiyo pekee si hukumu. Kipimo cha damu cha NT-proBNP hupima kitu kinachotolewa na moyo uliotanuka kwa mzigo. Homoni yenyewe, BNP, iligunduliwa mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, ndiyo maana jina lake bado linataja ubongo: B ni ya "brain", ubongo kwa Kiingereza. NT-proBNP ikiwa chini ya 125 (pikogramu kwa mililita) kwa mtu asiye mahututi, tafuta sababu nyingine ya pumzi kubana. Unene huishusha, uzee na figo mbovu huipandisha.

Kinachokata shauri ni ultrasaundi ya moyo, wengi wanaiita eko. Unalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, unapakwa jeli, na kifaa kinapitishwa katikati ya mbavu kwa dakika 30 hadi 45. Hakiumi na hakina mionzi. Omba ripoti iliyoandikwa. Tafuta EF, asilimia ya damu iliyojaa kwenye chumba cha kushoto inayotolewa kila pigo: 40 au chini ni moyo uliolegea, 41 hadi 49 ni katikati, 50 na zaidi huhesabiwa imehifadhiwa. Wengi huambiwa EF ni 60, moyo mzima, nendeni nyumbani, kumbe ni ule uliokakamaa. Soma pia unene wa kuta, hali ya vali, na kama kuna sehemu ya ukuta isiyosogea, alama ya shambulio la zamani. Damu ipimwe kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo), potasiamu, sukari, wingi wa damu, madini ya chuma na tezi.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mgonjwa kupewa pampu ya pumu miezi mingi kwa sababu kifua kinapiga filimbi. Pumu inayoanza baada ya miaka 50, ikiambatana na miguu kuvimba, iangaliwe upya kwa eko.

Nyumbani, mizani ndiyo kipimo. Pima kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo zile zile, uandike. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Mpigie daktari hata kama hujisikii vibaya. Makohozi ya povu la rangi ya waridi, kuzimia au maumivu ya kifua, usisubiri kupambazuke. Na ukishaanza dawa, eko hurudiwa baada ya miezi 3 hivi ukiwa umefikishwa kwenye dozi kamili unayoimudu, kwa hiyo tunza ile ya kwanza na uende nayo ili zilinganishwe.