Ukienda kuwinda Alaska, chukua bunduki unayoiweza

Msimu wa kulungu ukikaribia, ndugu zetu waliohamia Anchorage huniuliza: ninunue bunduki gani ili dubu asinimalize? Wengine wameshashauriwa wachukue .375 H&H, kaliba (yaani ukubwa wa risasi) ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wa nyati kule kwetu Tanzania wanaijua vizuri. Ni silaha ya kuaminika kweli. Lakini kwa asiyeizoea inapiga bega mpaka anafumba macho kabla ya kufyatua, na aliyefumba macho atamkosa dubu.

Mimi nasema anza na .30-06, yenye risasi nzito ya gramu 13 au 14, ya aina isiyosambaratika ikigonga mfupa. Bega likizoea, panda hadi .338 Winchester Magnum.

Kuliko kaliba, mimi naangalia zaidi jinsi bunduki inavyopokea risasi. Nataka ya kukoki kwa mkono, yenye ukucha mpana wa mtindo wa Mauser, bunduki za Kijerumani, unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Hata ukikoki kwa papara, umeanguka chali, risasi haiponyoki ikakwama. Chuma kisiwe cha kushika kutu, maana sehemu za Alaska kama kisiwa cha Kodiak zina mvua nyingi. Darubini iwe ya kukuza kidogo sana. Dubu aliye hatua 20, ukimtazama kwa darubini ya mara 9, utaona manyoya tu.

Dubu wa kahawia hufikia kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Akichomoka vichakani mita 30 mbele yako, una sekunde mbili. Kwa hiyo nenda uwanja wa shabaha wa Rabbit Creek, hapo Anchorage, na usiishie kupiga ukiwa umekaa mezani. Omba sehemu ya kupigia ukiwa umesimama. Nyumbani, zoea kuinua na kukoki kwa risasi za bandia mpaka mkono ufanye wenyewe.

Hatari kubwa huja ukishaangusha kulungu, umeinama unachuna. Harufu ya damu inamwita dubu. Mmoja achune, mwenzake asimame na bunduki mkononi, si imeegemezwa mtini. Nyama iondolewe haraka hapo palipobaki matumbo. Ikibidi kuirudia kesho yake, itazame kwanza kwa mbali, ukiwa mahali palipoinuka.

Na beba dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, kiunoni, si ndani ya begi. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero walichambua matukio ya Alaska, na mwaka 2008 wakaeleza kuwa ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Mwaka 2012 walikuta kuwa, kati ya waliokuwa na bunduki, walioitumia na wasioitumia waliumia kwa kiwango kinachokaribiana. Ndiyo maana mimi huwa na vyote viwili.

Mwenye viza ya muda aulize sheria kabla ya kushika silaha. Na ukimuua dubu kwa kujihami, lazima utoe taarifa kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, umchune, na ukabidhi ngozi pamoja na fuvu.