Jibu: Kimia cha mikroni kinalala kikikauka

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: kimia chako cha kukuzia seli, kilichochapishwa kwa leza kutoka resini na chenye nguzo za mikroni (mikroni ni elfu moja ya milimita), kinasimama vizuri ndani ya kimiminika, ila kikikauka nguzo zinalala. Leza iache kwanza, angalia ukaushaji. Maji yakivukiza, mvutano wa uso wake huzigandanisha nguzo nyembamba kama nywele zilizolowa. Mimi humalizia kuosha kwa isopropanoli, aina ya alkoholi; mvutano wake ni chini ya theluthi ya maji. Zikilala bado, kausha kwa kaboni dioksaidi, juu ya nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74, ambapo haina tena uso wa kuvuta nguzo.

Lakini kwa seli, unakausha ya nini? Toka isopropanoli, ingia ethanoli, kisha maji ya chumvi, kimia kikiwa kimelowa muda wote. Kukausha waachie wanaotengeneza elektrodi kwa vimia kama hivi. Resini gani hiyo, na nguzo zina unene gani?