Maswali ya Wasomaji: Kila Mtu Anafanya Hivi, Nami Nifanyeje?

Habari za kazi. Nanunua viazi mviringo kwa wakulima wa Uyole na kuviuza kwa gunia kando ya barabara kuu, kama wenzangu wote. Gunia linaniachia shilingi 4,000 hadi 5,000, na mavuno yakijaa tunauza kwa hasara. Nimechoka kufuata mkumbo, ila sijui nianzie wapi.
*Mama Viazi, Mbeya*

Nzuri, dada. Usianze kwa kutafuta wazo jipya. Chukua karatasi uandike yale ambayo pale barabarani hakuna anayeyahoji: viazi huuzwa kwa gunia, vikubwa na vidogo huwekwa pamoja, mteja ni msafiri au dalali wa Dar es Salaam. Kisha jiulize kila mstari unamfaa nani. Kuchanganya ukubwa kunamfaa anayeuza. Muuza chipsi wa Mwanjelwa au Kabwe anaumia, kwa sababu kiazi kidogo kina ganda jingi ukilinganisha na nyama yake, na kukimenya ni kupoteza muda.

Hilo lipime kabla hujatoa hela. Nenda kwa muuza chipsi mmoja na kilo 5 za viazi vikubwa na kilo 5 za mchanganyiko. Mtu yuleyule amenye mafungu yote mawili, kwa kisu kilekile, kisha mpime kilichobaki na dakika zilizotumika. Mzani utamshawishi kuliko maneno yako.

Akikubali, jaribu kwa gunia mbili tu kwa wiki, kwa wateja watatu. Huu ni mfano, weka bei zako. Gunia la kilo 100 umelinunua 60,000. Baada ya kuchambua umepata kilo 60 kubwa kwa 900 (54,000), kilo 25 za kati kwa 700 (17,500), na kilo 15 ndogo au zilizokatwa na jembe kwa 400 (6,000). Jumla ni 77,500. Toa 7,500 za bajaji na viroba, unabaki na faida ya 10,000. Lakini kubwa zikiwa kilo 45, za kati 35 na ndogo 20, jumla inashuka hadi 73,000 na faida inakuwa 5,500. Hapo umechambua siku nzima ukaishia palepale ulipokuwa. Kwa hiyo pesa yako iko shambani, kwenye kuchagua gunia, na gunia lipimwe kwa mzani. Ukinunua lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) kwa macho, hesabu yote hii haina maana.

Kuna mambo yatakayokukwamisha. Usioshe viazi vya kukaa, kwa sababu unyevu unaviozesha. Vifute udongo mkavu tu. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, vinakuwa vichungu na vina sumu, kwa hiyo viweke gizani, penye hewa, juu ya mbao. Usichanganye aina mbili kwenye kiroba kimoja, maana moja itaiva wakati nyingine bado mbichi. Na baridi ya Uyole ya Juni na Julai! Kiazi kikikaa chini ya nyuzi 8 hivi za Selsiasi, wanga wake hugeuka sukari na chipsi zinatoka nyeusi na chungu, halafu muuza chipsi atalaumu viazi vyako. Kabla ya kupeleka mzigo kaanga vipande vitano. Vikiungua rangi haraka, acha viazi hivyo kwenye chumba chenye joto la kawaida kwa wiki mbili hivi, sukari itapungua.

Kuhusu mkopo, usikubali zaidi ya mzigo mmoja. Wa pili unashuka baada ya wa kwanza kulipwa, hata kama mteja ni shemeji yako.

Shikamooni. Mimi ni karani wa hesabu katika SACCOS moja hapa Iringa, mwaka wa sita sipandi cheo. Kila mtu ananiambia nikasome shahada ya uzamili. Mnasemaje?
*Karani, Iringa*

Marahaba. Kabla ya kulipa ada, hesabu viti. Kama ofisi ina mhasibu mmoja na meneja mmoja, na wote bado wana miaka mingi ya kustaafu, shahada yako itakaa kabatini. Kinachokukwamisha kikiwa ni sifa ya uhasibu, mitihani ya NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu) inaweza kukufaa zaidi, na unaifanya ukiwa kazini.

Tafuta kazi ambayo ofisi nzima inaikwepa. Kwenye SACCOS nyingi ni marejesho yaliyochelewa. Tengeneza jedwali la ukurasa mmoja: namba ya mwanachama, salio lote la mkopo, siku za kuchelewa, tarehe ya mawasiliano ya mwisho na nani aliongea naye. Gawa makundi ya siku 1–30, 31–60, 61–90 na zaidi ya 90. Makosa makubwa hufanyika kwenye safu ya salio. Wengi huandika rejesho lililokosekana peke yake. Mwanachama mwenye salio la 2,000,000 akichelewesha rejesho la 180,000 kwa zaidi ya siku 30, pesa iliyo hatarini ni 2,000,000 yote. Ukiandika 180,000, bodi italala usingizi huku mkopo ukiugua.

Mwombe meneja ruhusa kwanza, na rasimu aione yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukiipeleka kwenye bodi kwa mlango wa nyuma, umekwisha. Majina ya wadaiwa yasiguse WhatsApp. Na kubalianeni kwa maandishi kwamba ni majaribio ya miezi miwili, kisha mtajadili cheo, posho au ada ya masomo. Bila hivyo utakuwa umejiongezea kazi ya bure.

Majirani zangu wote hapa Rungwe wanapanda parachichi za Hass. Nina robo ekari na shilingi milioni moja. Nami nipande?
*Kijana wa Tukuyu*

Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, robo ekari inabeba miti 20 tu, na mche uliobebeshwa (uliounganishwa kijiti cha aina bora juu ya shina la mche mwingine) unakuweka miaka mitatu hivi kabla ya tunda la kwanza. Sisi tungekushauri uwauzie miche wanaopanda. Eneo hilohilo linatosha kitalu cha maelfu ya miche. Anza na 500.

Mbegu za kuotesha shina la kubebeshea zitoke kwenye matunda yaliyochumwa mtini. Yaliyoanguka chini huweza kubeba vimelea vya kuoza mizizi, ugonjwa unaomaliza kitalu na kumfuata mteja hadi shambani. Loweka mbegu kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30, ukiwa na kipimajoto, kwa sababu joto likizidi zinakufa. Viriba vikae juu ya kichanja, visiguse ardhi. Bebesha shina likifika unene wa penseli, na usitegemee yote yashike. Zungumza na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kuhusu usajili kabla ya kuuza, na pokea malipo ya awali kabla ya kubebesha.

Soko la miche litapoa wote wakishapanda. Wakati huo watatafuta wa kupogoa na wa kuvuna kwa mkasi, tunda likiachiwa kikonyo kifupi, maana likinyofolewa linaozea pale juu. Jifunze sasa kwenye miti ya majirani, na kila ukihama mti futa mkasi kwa spiriti.