Perrin hakuwa na mke: nianzie kitabu gani?

SWALI: Dada, shikamoo. Nimetazama misimu yote mitatu ya The Wheel of Time, tamthilia iliyotokana na vitabu vya Robert Jordan. Mei 2025 Amazon wakatangaza kwamba hawaendelei, na hadithi imekatikia njiani. Mdogo wangu aliyesoma vitabu vyote hasikitiki. Anasema waliiharibu tangu walipompa Perrin, mmoja wa mashujaa wake, mke. Ni kweli? Na je, naweza kuanzia kitabu cha tano, maana msimu wa tatu umetoka zaidi kwenye cha nne?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usianzie cha tano. Siuan Sanche, yule mkuu wa wanawake wenye uchawi uliyemwona akikatwa kichwa, ukifungua sura ya kwanza ya kitabu hicho utamkuta hai, amesimamishwa kijijini kwa kesi ya banda lililoungua. Loial, lile jitu rafiki yao uliloona likifa, naye vitabuni yu hai. Utadhani umeuziwa hadithi nyingine. Anza na The Eye of the World, cha mwaka 1990, uvumilie kurasa mia za mwanzo.

Kuhusu Perrin, mdogo wako ana haki ya kuumia. Mimi pia sehemu ile ya kwanza niliisimamisha nikatoka barazani. Vitabuni Perrin ni kijana wa kwa mhunzi, mwili mkubwa, anayefikiri polepole kwa sababu anajua nguvu zake zinaweza kumuumiza mtu. Hadithi inapoanza hana mke. Hofu yake ya shoka inakua taratibu, kitabu hadi kitabu, mpaka unaiogopa pamoja naye. Kwenye tamthilia anamuua mkewe kwa bahati mbaya usiku mmoja tu, na hofu ile ya miaka ikamalizwa kwa pigo moja. Hilo sijawasamehe.

Lakini kusema waliharibu yote, hapana. Mwambie arudie sehemu ya nne ya msimu wa tatu, Rand, shujaa mkuu, anapoingia Rhuidean, mji wa jangwani wa watu wa Aiel. Imetoka kwenye sura ninazozipenda kuliko zote, za The Shadow Rising, kitabu cha nne. Rand anapita katikati ya nguzo za vioo, na kila hatua inamrudisha nyuma kwa babu wa babu yake, hadi anagundua kwamba Aiel, watu wa mikuki wanaoogopwa kote, wametokana na watu walioapa kutogusa silaha kabisa. Nilijua kila kinachokuja. Bado nililia, kwa sababu mababu wale aliwaigiza Josha Stradowski mwenyewe, uso uleule ukibadilika karne hadi karne. Kitabu hakiwezi kukuonyesha hivyo.

Na huko kukatikiwa njiani nakujua. Septemba 2007 Robert Jordan alifariki. Nilikuwa nimemaliza kitabu cha kumi na moja, nikaamini Rand amezikwa naye. Nilivifunga vitabu vyangu kwenye kanga, nikaviweka juu ya kabati. Kumbe aliacha maelezo mengi, na tukio la mwisho alikuwa ameshaliandika. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson, na kitabu cha kumi na nne kikatoka Januari 2013.

Kwa hiyo mwisho upo, mdogo wangu, na umeandikwa. Muombe nduguyo akuazime cha kwanza. Ukifika kwenye nguzo za vioo, niandikie tena.