Mwanangu, nani yuko nje ya ufalme wa Mungu?

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mbona Yesu aliyekula na watoza ushuru ndiye tena anayesema mlango utafungwa. Ukauliza pia mbona rafiki yako wa Kayole amezuiwa Meza ya Bwana kwa kujifungua kabla ya ndoa, na aliyempa mimba angali anaimba kwaya. Hayo ni maswali mawili, na watu huyachanganya.

Soma Luka 14:15-24, Mathayo 22:1-14, Mathayo 25 yote, kisha Luka 13:22-30. Kila ukimkuta mtu aliye nje, andika pembeni: nani kamweka huko, lini, kwa sababu gani? Katika Luka 14 hakuna aliyefukuzwa. Mmoja kanunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, wa tatu kaoa. Walialikwa wakajitoa wenyewe. Viti wakapewa maskini, vilema, vipofu na viwete, na nafasi ikabaki. Katika Luka 13 wanaogonga mlango ni wale wanaosema, "Tulikula na kunywa mbele yako." Ni watu waliojihesabu wenyeji. Mathayo 8:11-12 inazidi kutisha: wengi wanatoka mashariki na magharibi wanaketi na Ibrahimu, huku wana wa ufalme wakitupwa nje. Jambo hili mahubiri mengi hulipita haraka, nami huliona zito kuliko yote.

Hukumu usiilainishe, hata hivyo. Yule wa Mathayo 22 asiye na vazi la arusi aliingia karamuni pamoja na wengine, wema kwa wabaya, bila kuulizwa sifa zake, na bado akatolewa. Anayeingia hubadilishwa. Wanaopenda kuwasomea wenzao 1 Wakorintho 6:9-10 wasiishie hapo, maana aya ya 11 inasema, "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa."

Anayefunga mlango ni mwenye nyumba au bwana arusi. Katika mfano wa Mathayo 13, watumwa waliotaka kung'oa magugu shambani walizuiwa, wasije wakang'oa na ngano.

Sasa rafiki yako. Kanisa lina haki ya kumrudi mtu wake, ila kwa njia ya Mathayo 18:15-17: kwanza faragha, wawili tu, akikataa kusikia, mtu mmoja au wawili zaidi, mwisho kabisa kanisa. Mara nyingi hatua ya kwanza hurukwa, jambo likaanzia kwenye kikao cha wazee au tangazo la Jumapili. Pia dhambi inayoonekana tumboni huadhibiwa, ya mwanamume ikafumbiwa macho; upendeleo huo Yakobo 2 inaukemea. Tena mara nyingi kanisa halipangi siku ya kumrejesha mtu. Paulo aliwaambia Wakorintho (2:6-8 ya waraka wa pili) kwamba adhabu aliyopewa mkosaji wao imetosha, wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Hata aliyefikia kuhesabiwa "mtoza ushuru", kumbuka Yesu aliwafanyia nini watoza ushuru: aliwafuata mezani kwao.

Kwa hiyo asihame kanisa kimyakimya. Aombe kuonana na mchungaji, aende na mama mmoja anayeheshimika pale, na wewe ukiweza uandamane naye. Aulize nani alizungumza naye faraghani kabla ya kikao, kama yule kijana aliitwa, na ni lini atarejeshwa Mezani. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na tarehe itajwe.

Mama yako